Ndizi za kuchoma na chachandu ya ukwaju: sukari huja mwisho

Kwa mkazi wa Kimandolu, mashariki mwa jiji la Arusha, ndizi haitoki mbali. Wameru na Waarusha wamepanda migomba kwenye miteremko ya Mlima Meru, na soko la Tengeru, kwenye barabara ya Moshi, hujaa mikungu siku za Jumatano na Jumamosi. Kazi ni kuchagua. Mshare iachie mtori. Ya kuchoma na chachandu tamu ni mzuzu, na isiwe imeiva kupita kiasi: ganda liwe la manjano lenye madoa meusi, lakini ukiibonyeza bado iwe imara. Hapo sehemu ya wanga wake imeshageuka sukari, ila haijalegea kiasi cha kukatikia juu ya wavu.

Chachandu ianze kabla ya moto. Loweka gramu 100 za ukwaju katika kikombe cha maji ya moto kwa nusu saa, kamua, chuja. Kaanga kitunguu maji, kitunguu saumu na tangawizi, kisha mimina ukwaju, chumvi, pilipili na vijiko 2 au 3 vya sukari guru. Chemsha mpaka ishike kijiko. Chungu ni bora kuliko sufuria ya alumini, kwa kuwa ukali wa ukwaju hula alumini na ladha hubadilika.

Menya ndizi, ipake mafuta kidogo, iweke juu ya makaa yaliyofunikwa na majivu meupe. Igeuze mara kwa mara kwa dakika 15 hivi.

Wengi hukosea hapa: hupaka chachandu mapema ili "iingie". Haiingii. Sukari huungua kabla moto haujafika katikati, nje panakuwa peusi na pachungu, ndani bado pagumu. Nyumbani utakula hivyo hivyo. Kwa mama anayeuza jioni kando ya barabara ni hasara kamili, maana ndizi iliyoungua hainunuliwi na mkungu ukishaiva hausubiri. Chachandu ipakwe dakika 2 za mwisho, ndizi igeuzwe mara moja tu, itolewe.

Kama mkungu bado mbichi, choma hivyo hivyo kwa muda mrefu zaidi, ila usipake kitu. Chachandu ikae pembeni kwenye kisahani, pamoja na kachumbari, kila mtu achovye mwenyewe.