Mayai ya Siku ya Kumi na Nane
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Umeme umekatika Mpererwe, jenereta imegoma kuwaka, na mlango wa chumba cha kutotolea vifaranga uko wazi ilhali ufunguo wake haujatoka kiunoni mwa Shangazi. ENDELEA…

"Usiingie!" Shangazi alinidaka mkono. "Chovya viatu kwanza."

Huenda mwizi alikuwa bado ndani, lakini sheria ya beseni la dawa ilikuwa palepale. Sikubishana. Januari 2017, ndege wa porini walipokutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Entebbe, na mafua ya ndege yakathibitishwa, Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda yasivuke mpaka. Ugonjwa haukufika kwa Shangazi. Wateja wake wa Kenya ndio walioondoka. Tangu hapo kila anayeingia chumba kile, awe fundi wa umeme au daktari wa mifugo, huchovya.

Tukachovya. Nikawasha tochi ya simu.

Hapakuwa na mtu. Ila joto lilitupokea mlangoni kama la jikoni kwenye harusi.

"Soma," akasema.

Kipimajoto cha mashine kilionyesha nyuzi 39.1, mahali ambapo tulitaka 37.5. Na kilikuwa kinapanda, stima hakuna!

Asiyeijua kazi hii angekimbilia blanketi. Mayai ya wiki ya kwanza hupoa umeme ukikatika, ni kweli. Lakini yai la siku ya kumi na nane lina kifaranga karibu kamili, anavuta hewa kupitia vitundu vya ganda, anakula kiini, anatoa joto lake mwenyewe. Yapange elfu tano kwenye sanduku moja, simamisha feni, na yataivishana.

"Fukushima," nikajikuta nimesema.

"Ndiyo nini?"

"Vinu vya nyuklia vya Japani, Shangazi, Machi 2011. Tetemeko lilipopiga vilijizima vyenyewe, kama vilivyoundwa. Lakini mafuta ya nyuklia hayapoi kwa kuzimwa, yanaendelea kutoa joto siku nyingi. Tsunami ikazamisha jenereta za pampu za kupoozea, na vinu vitatu vikayeyuka ndani kwa ndani."

"Basi fungua milango yote miwili ya mashine, utanisomesha baadaye!"

Nikafungua. Tulipepea kwa vifuniko vya ndoo, yeye upande huu, mimi ule, hadi mikono ikafa ganzi. 38.8. 38.3. Iliposoma 37.6, Shangazi alikaa chini sakafuni, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Barua ya Obninsk umeijibu?"

Nilijua ataniuliza. Obninsk ni mji wa Urusi ambako mwaka 1954 kituo cha nyuklia kiliingiza umeme kwenye gridi kwa mara ya kwanza duniani. Barua hiyo ilikuwa imenipa nafasi ya kwenda huko kusoma vinu zalishi, jambo nililolilalia na kuliamkia tangu mwaka wangu wa pili Makerere.

"Bado."

"Hebu nieleze hicho kinu. Kinazalishaje?"

"Chukua atomu elfu moja za urani kama inavyochimbwa. Saba tu ndizo zinazopasuka kirahisi na kutoa moto. Zile 993 zimekaa bure. Kinu zalishi kinazipiga kwa nyutroni zenye kasi. Atomu ikimeza nyutroni inageuka neptuni, kisha baada ya siku chache inakuwa plutoniamu, na hiyo inawaka. Ukipanga vizuri, unatoa mafuta mengi kuliko uliyochoma. Wamarekani waliwasha taa nne kwa kinu cha namna hiyo Desemba 1951 kule Idaho, na mwaka 1953 wakathibitisha kwamba kweli kinazalisha."

"Kwa nini basi havijajaa duniani?"

"Maji hupunguza kasi ya nyutroni, kwa hiyo wanapoozea kwa sodiamu iliyoyeyuka. Na sodiamu ikikutana na hewa, inawaka. Kinu cha Monju cha Japani kilivuja Desemba 1995, kukawa na moto. Kilikaa miaka na miaka bila kufanya kazi ya maana, wakaamua kukifunga 2016."

Alinyamaza. Nje boda moja ilipita ikielekea Kalerwe.

"Mwanangu, unajua kwa nini nimeteseka na majogoo yale ya nyuma miaka yote hii?" Alinong'ona, kana kwamba kuta zina masikio. "Kuku wazazi tunaonunua ni wazuri. Jogoo mmoja kwa mitetea kumi, chakula kwa mizani, mayai yana mbegu. Lakini watoto wao ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe, uzao unatawanyika: huyu mnene, yule kibushuti. Kila kundi likizeeka unarudi kununua wazazi wengine. Na mababu wa hao wazazi wako kwa kampuni chache tu za ng'ambo, Aviagen, Cobb. Mpaka ukifungwa, umekwisha. Sasa serikali nayo inataka kujenga kinu cha nyuklia Buyende, kando ya Ziwa Kyoga. Mafuta yake atayashika nani? Nenda ukasome hilo."

Sikuwa na jibu. Na swali lile lilinichoma kuliko chochote nilichowahi kuulizwa darasani.

"Majogoo yangu," akaendelea, "watoto wao wanafanana nao. Kizazi cha nne sasa. Trei mbili za mayai yao zimo humu, nimezitia alama ya kalamu ya risasi."

Siku ya kumi na nane mayai huacha kugeuzwa, huhamishiwa trei za kuangulia. Tukaanza kuhamisha, yeye akihesabu. Trei ya juu. Ya pili. Ya tatu. Mikono yake ikasimama.

Trei mbili hazikuwepo.

Nilimulika sakafu. Karibu na mlango wa nyuma, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyefika, saruji ilikuwa na nyayo. Dawa ilikuwa imekauka na kuacha alama nyeupe, hatua kwa hatua, kutoka kwenye mashine hadi nje.

"Shangazi… amechovya viatu."

Mwizi gani, akiwa gizani na roho mkononi, husimama kwanza achovye viatu? Yule tu aliyefundishwa humu ndani. Na mimi ndiye peke yangu aliyewahi kufundishwa humu, au ndivyo nilivyoambiwa.

Shangazi alizitazama nyayo zile kwa muda mrefu. Hakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha.

Simu yake ikaita. Namba ngeni. Aliiweka sauti ya nje bila kusema neno.

"Usiite polisi," ilisema sauti ya mwanamume, taratibu. "Mayai yako salama, yana joto. Zimebaki siku tatu yaanguliwe. Njoo Buyende uyachukue, na uje peke yako."

Shangazi alifumba macho.

"Umenisikia, Mama?"

Miaka yote niliyokaa nyumba ile, Shangazi alikuwa ameniapia kwamba hakuwahi kuzaa.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO