Mipaka ya mashindano ya shule za sekondari katika Nyanza Kusini

Mipaka ya mashindano ni mistari inayoamua shule ipi ikutane na ipi, katika hatua gani, na timu ngapi zisonge mbele. Nchini Kenya mistari hiyo haikuchorwa na watu wa michezo. Chama cha Michezo cha Shule za Sekondari (KSSSA) kiliikuta tayari kwenye ramani ya utawala wa serikali na kikaifuata: zoni, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa, kisha Afrika Mashariki chini ya shirikisho la FEASSSA. Uriri, mojawapo ya kaunti ndogo 8 za Migori, inafaa sana kwa kuutazama mfumo huu, kwa sababu katika muda wa kizazi kimoja mipaka ya chini imebadilika mara kadhaa huku ule wa mkoa ukibaki palepale. Makala haya yanashikilia kwamba kugawanywa kwa ngazi za chini kuliwapa wanafunzi wa Uriri nafasi ambayo wazazi wao hawakuwa nayo, na kwamba nafasi hiyo inabanwa na ngazi ya mkoa, ambayo bado inafuata ramani ambayo Katiba ya 2010 haikuitambua tena.

Mistari hii ilikuwa ya utawala tangu mwanzo. Mwaka 1902 nchi iliyo mashariki mwa Ziwa Viktoria ilitolewa Uganda na kuwekwa chini ya Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na humo ukazaliwa mkoa ulioitwa Kisumu, baadaye Nyanza. Uhuru ulipokaribia, tume ya mipaka ya majimbo ya 1962 iliumega mkoa huo: kaskazini yake ikawa Magharibi, Kericho ikapelekwa Bonde la Ufa, na Nyanza ikabaki na Waluo, Wakisii, Wakuria na jamii ndogo za kandokando ya ziwa. Ndani yake, wilaya ya Nyanza Kusini, yenye makao makuu Homa Bay, ilienea kutoka Isebania kwenye mpaka wa Tanzania hadi kisiwa cha Mfangano na nchi ya Oyugis. Migori ilitengwa nayo mwaka 1992. Kuria, Suba na Rachuonyo zikafuata katika miaka hiyo hiyo ya tisini. Kufikia sensa ya 1999, iliyokuwa Nyanza Kusini ilikuwa wilaya 5 kati ya 12 za mkoa mzima. Uriri nayo ilipata eneo bunge lake katika uchaguzi wa 1997, na leo ina wadi 5, zote zikibeba jina la Kanyamkago.

Kisha mambo yakageuka, na hapa ndipo wengi husahau. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilisema kwamba wilaya nyingi zilizotangazwa kwa amri za rais hazikuwa na msingi wa kisheria. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikarudi kwenye orodha ya wilaya za 1992 na kuzigeuza kuwa kaunti 47. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Kuria ilikuwa imerudi ndani ya Migori, Suba na Rachuonyo ndani ya Homa Bay. Kwa hiyo eneo hili lilitoka wilaya 1 hadi 5, kisha likarudi kuwa kaunti 2. Ngazi iliyo chini ya kaunti ilipanuka na ngazi ya kaunti yenyewe ikafinywa. Anayesema tu kwamba ugatuzi uliongeza nafasi za michezo anaona nusu ya picha.

Nusu hiyo hata hivyo ni ya kweli, na ina uzito. Katika wilaya moja ya Nyanza Kusini, shule ya kutwa ya Kanyamkago ililazimika kuzipita shule za visiwani, za Kuria na za Oyugis kabla ya mtu yeyote nje ya wilaya kulisikia jina lake. Shule kongwe za bweni zilikuwa na uwanja, basi na jina kabla ya mpira kuguswa. Agoro Sare huko Oyugis, Kanga huko Rongo na Rapogi, iliyo ndani ya Uriri yenyewe, zilitosha kuziba njia. Leo kati ya shule ya wadi na ubingwa wa kaunti ndogo inasimama shule kongwe moja au mbili. Kijana anaweza kushinda jambo lenye jina, akapanda ngazi, akaonekana na makocha wa kaunti. Kwa msichana mchezaji wa netiboli katika shule isiyo na bweni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mchezo utaishia kidato cha pili au utamfungulia njia ya karo.

Kazi ya ngazi hizi inaonekana vizuri zaidi asubuhi ya kwanza ya mashindano ya kaunti ndogo. Kabla ya filimbi, walimu wa michezo huketi kwenye madawati na mafaili yao: vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya shule ya msingi, usajili wa mwanafunzi katika mfumo wa Wizara ya Elimu, na fomu ya wachezaji yenye picha na mhuri wa mwalimu mkuu. Mpinzani hukagua jina kwa jina, na mwenye shaka hukata rufaa papo hapo. Shule ikishinda, hesabu nyingine inaanza jioni hiyo hiyo: mafuta ya basi au gari la kukodi, chakula cha kikosi, magodoro ya kulalia darasani kwenye shule mwenyeji. Katika ruzuku ya shilingi 22,244 iliyopangwa mwaka 2018 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, fungu la shughuli za nje ya masomo ni shilingi 1,500. Shule ya wanafunzi 200 hupata hivyo shilingi 300,000 kwa mwaka, endapo zote zitafika na zifike kwa wakati, nazo ni za mpira, riadha, muziki, maigizo na vilabu vyote. Kila ngazi inayoongezwa inakula humo humo.

Hilo ndilo pingamizi la kwanza na lenye nguvu dhidi ya kugawa maeneo ya mashindano: ngazi nyingi ni gharama nyingi. Jibu langu ni kwamba gharama inaletwa na umbali na siku za kulala nje kuliko idadi ya ngazi. Mechi za zoni huchezwa kwa miguu na pikipiki, na wachezaji hulala kwao. Kinachomaliza fedha ni safari isiyo na sababu ya kimichezo. Uriri iko kwenye barabara kuu ya A1, inayotoka Isebania kupita mjini Migori, Uriri, Awendo na Rongo hadi Kisii; upande wake mwingine inapakana na Ndhiwa, ambayo ni Kaunti ya Homa Bay. Timu ya Uriri itasafiri hadi Kegonga, Kuria Mashariki, kwa sababu zote ni za Migori, lakini haiwezi kukutana rasmi na majirani zake wa Ndhiwa hadi kila upande uwe bingwa wa kaunti yake na wote wafike mkoani. Na ng'ambo ya Isebania kuna Tarime, mkoani Mara, wilaya yenye shule zinazocheza michezo ile ile. Shule za huko na za Migori hazina njia rasmi ya kukutana ila kupitia mashindano ya FEASSSA, ambayo kwa miaka ya karibuni yamechezewa Arusha, Huye, Bukedea na Kakamega. Mstari wa utawala unazitenganisha shule za jirani na kuziunganisha zilizo mbali. Mtu wa michezo angeanza na barabara.

Pingamizi la pili husema kwamba kugawa maeneo hushusha kiwango: bingwa wa eneo dogo huwa bingwa dhaifu, akifika mbele hufungwa mabao mengi, na mashindano hupoteza heshima. Kuna ukweli hapa kwa ngazi za juu. Lakini michezo ya shule haikuanzishwa ili kumpata bingwa mmoja tu kwa haraka. Ni sehemu ya elimu, na elimu hupimwa pia kwa idadi ya wanaofikiwa. Timu inayofungwa vibaya kwenye fainali za kaunti imejifunza kasi ambayo isingeiona kamwe ikiwa imebaki zoni. Isitoshe, udhaifu huo hautoki kwenye mipaka peke yake. Shule chache huvuta wachezaji bora kwa ufadhili wa karo, na mahali ambapo vipaji vimekwisha kuhamishwa, mipaka mipana huziongezea nguvu shule hizo hizo.

Mfinyo halisi uko mkoani. Fainali za kitaifa kwa desturi hukutanisha mabingwa wa mikoa 8, mistari ile ile iliyorithiwa na serikali ya uhuru. Katika sensa ya 2019 Bonde la Ufa ilikuwa na watu 12,752,966 katika kaunti 14. Nyanza watu 6,269,579 katika kaunti 6. Kaskazini Mashariki watu 2,490,073 katika kaunti 3. Kila mmoja una nafasi moja katika mchezo mmoja. Homa Bay na Migori peke yake zilikuwa na watu 2,248,386, karibu sawa na Kaskazini Mashariki yote, lakini zinaigombea nafasi hiyo moja pamoja na Kisumu, Siaya, Kisii na Nyamira. Hali hiyo iko hata ndani ya Migori: Kuria Magharibi ina watu 208,513, Uriri 141,448, Kuria Mashariki 96,872, na kila moja hutoa bingwa mmoja. Tofauti ya chini inavumilika, kwa kuwa ngazi ya kaunti ndogo ina milango mingi. Ya juu haivumiliki.

Wapo wanaosema kwamba kuugusa mkoa ni kuigusa Nyanza yenyewe, jina ambalo watu wanalipenda na linalobeba historia ya michezo. Mkoa huu ulimtoa Nyandika Maiyoro, aliyemaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na Naftali Temu, aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Fahari hiyo ni halali. Hata hivyo historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha kwamba Nyanza ya leo ni matokeo ya kukatwa na kuunganishwa mara nyingi. Kericho ilikuwa ndani, sasa iko nje, na hakuna aliyepoteza utani wa jadi kwa sababu hiyo. Na kuongeza nafasi hakulazimishi kuliondoa jina.

Marekani inatoa onyo kuhusu upande mwingine wa jambo hili, yaani mipaka inapochorwa upya kwa ajili ya fedha. Huko vyuo vikuu hujiunga katika jumuiya za mashindano, nazo zilikuwa za kijirani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua kwamba chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo hakiwezi kuhodhi haki za televisheni za mpira wa Kimarekani, na tangu hapo thamani ya matangazo ikawa mchoraji mkuu wa mipaka. Big Ten, iliyoasisiwa mwaka 1896 na vyuo vya eneo la Maziwa Makuu, mwaka 2024 ilifikisha wanachama 18, vikiwemo vyuo vya California, Oregon na Washington kwenye pwani ya Pasifiki. Pac-12, jumuiya ambayo vyuo hivyo vya Pasifiki viliihama, ilibaki na vyuo viwili, Oregon State na Washington State. Wanariadha na wachezaji wa voliboli, ambao televisheni haiwalipi, sasa huruka kutoka bahari moja hadi nyingine kwa sababu ya mkataba wa mchezo mwingine. Kenya haina fedha za televisheni katika michezo ya shule, na kwa hilo bado ina uhuru wa kuchora mipaka kwa manufaa ya mwanafunzi.

Uhuru huo hautumiki. Katiba iliitaka serikali ipange upya utawala wa mikoa ndani ya miaka 5, na hakuna kifungu chake kinachoilazimisha michezo kubaki na mikoa 8. Ni uamuzi wa kamati, na kamati inaweza kuubadili. Fainali za timu 16 zikigawanywa kwa idadi ya watu, huku kila mkoa ukihakikishiwa nafasi moja, Bonde la Ufa ingepata 4; Mashariki, Nyanza, Kati, Magharibi na Nairobi 2 kila mmoja; Pwani na Kaskazini Mashariki 1 kila mmoja. Kaskazini Mashariki isingepoteza chochote. Nyanza ingeweza kuitenga nafasi yake ya pili kwa kusini, na raundi moja ya awali ikachezwa kwa kufuata barabara, Uriri, Awendo na Ndhiwa zikiwa kundi moja bila kujali kaunti. Gharama ya timu 8 za ziada ni ya kweli, na sehemu yake ingelipwa na siku za kulala nje zitakazookolewa chini. Walimu wa michezo wa Migori na Homa Bay ndio wenye hoja nzito zaidi na takwimu ziko mikononi mwao. Walipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa chama chao kabla ratiba ya mwaka ujao haijafungwa.