Tochi inataka kujua unakaa wapi ili iweje?

Jamani, tuanze na swali dogo. Tochi inahitaji kujua mahali ulipo ili iweje?

Kulikuwa na programu ya simu za Android iliyoitwa Brightest Flashlight. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa, basi. Ilipakuliwa mara makumi ya mamilioni. Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) ikaanika kwamba tochi ile ilikuwa inawapelekea watangazaji mahali mwenye simu alipo, pamoja na namba ya utambulisho wa simu yake. Tena ilianza kutuma kabla mtu hajabonyeza kukubali au kukataa!

Utauliza, kwani watu hawakuonyeshwa ruhusa? Walionyeshwa. Tangu simu za Android ziingie sokoni mwaka 2008, orodha ya ruhusa ilitokea kabla ya kuweka programu. Lakini ilikuwa kama basi lenye konda asiyesikiliza: panda na masharti yote au baki kituoni. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, ila mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waligundua kwamba asilimia 17 tu ya waliochunguzwa waliiangalia orodha ile. Walioweza kujibu sawasawa maswali yote kuhusu maana yake walikuwa asilimia 3.

Kwa upande wa iPhone, Februari 2012 iligundulika kwamba programu ya Path ilikuwa inabeba kitabu kizima cha majina na namba na kukipeleka kwenye kompyuta zake bila kuuliza. Kelele zikapigwa. Septemba mwaka huohuo Apple wakatoa iOS 6, ambapo programu lazima iombe kwanza kabla ya kugusa majina. Android wakafuata mwaka 2015 kwa toleo la 6.0: ruhusa zile nyeti zikaanza kuombwa moja moja, wakati zinapohitajika. Mwaka 2019, toleo la 10, ukaweza kuruhusu mahali ulipo pale tu unapoitumia programu. Mwaka 2020, toleo la 11, ikaja ruhusa ya mara moja tu.

Msifikiri haya ni ya Wamarekani peke yao. Huku kwetu yaliingia kwa mlango wa mikopo ya simu, hii ya kausha damu. Unaomba hela kidogo, programu inaomba majina yako, unabonyeza "Ruhusu" kwa sababu shida haina adabu. Ukichelewa kulipa, anapigiwa bosi wako, mama mkwe, hata fundi uliyehifadhi namba yake mara moja. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliipiga kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa vitisho vya namna hiyo. Google nao, kuanzia Mei 31, 2023, walizipiga marufuku programu za mikopo binafsi kugusa majina na picha. Tanzania, sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ikataja programu 69 zilizokopesha bila leseni. Lakini programu uliyotumiwa kwa linki ya WhatsApp haipiti kwenye lango la Google. Hapo mlinzi ni wewe.

Ninachotaka tutafakari ni hiki: yule fundi hakukopa. Hakubonyeza kitu. Ukiruhusu majina, umetoa ruhusa kwa niaba ya watu mia tatu ambao hawajaulizwa.

Kwa sisi waandishi uzito ni mkubwa zaidi. Simu yangu ina namba za watu walionipa habari kwa sharti wasitajwe, na wengine kazi zao zinategemea sharti hilo.

Kwa hiyo fungua Mipangilio, tafuta ruhusa za programu, upitie moja baada ya nyingine. Jiulize: kazi ya programu hii ni nini, na ruhusa hii inaisaidiaje? Ramani kujua ulipo, sawa, wakati unapoitumia. Kikokotoo kutaka maikrofoni, hapana. Ukiona huelewi, zima. Ikihitaji kweli itaomba tena.