Uchambuzi: Umbo na toni katika shairi la mapenzi la Mvita

Wanafunzi wengi wanapopewa shairi la mapenzi hukimbilia kuhesabu mizani na kuorodhesha vina, kisha huandika kwamba toni ni ya huzuni au ya furaha bila kuonyesha imetoka wapi. Hapo ndipo alama hupotea, na ladha pia.

Ushairi wa Mombasa unatoa mfano mwafaka. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840, anasifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Alitunga kuhusu siasa za Mvita enzi za Wamazrui, na mahaba hakuyaacha nyuma. Umbo alilolitumia sana ni tarbia: mishororo minne katika ubeti, kila mshororo mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao.

Chukua mshororo huu uliobuniwa kwa ajili ya uchambuzi. Nafsineni amesimama ufuoni Mbaraki, si mbali na ule mnara wa kale wa matumbawe, akiitazama bahari:

"Jahazi li safarini, Kilindini nangojea."

Mizani ni nane kwa nane. Kina cha kati ni "ni", cha mwisho "a". Mpenzi hatajwi popote. Amefichwa ndani ya jahazi, maana adabu ya pwani haipendi jina la mpenzi litangazwe hadharani. "Nangojea" ni kitendo kisichokoma, na ndani yake mna hamu na tumaini. Sasa badilisha neno moja tu:

"Jahazi li safarini, Kilindini nimelia."

Mizani na vina havikuguswa hata kidogo. Hata hivyo, tumaini limekwisha na lawama imeingia, kwa sababu njeo imebadilika. Basi anayetafuta toni na aanze na vitenzi, kisha atazame nani anamsemesha nani. Orodha ya vina haitamwambia hayo.

Kibwagizo nacho hudanganya. Maneno ni yale yale, lakini yanayotangulia hubadilika, hivyo ombi la ubeti wa kwanza laweza kuwa kilio katika ubeti wa tano. Waliozisikiliza tungo za Ahmad Nassir, mtunzi wa "Malenga wa Mvita" (1971), zikiimbwa na Juma Bhalo, aliyefariki 2014, wanalijua hilo vyema: sauti ya mwimbaji huuzidisha uchungu kila kibwagizo kinaporudi.

Lipo pia suala la lahaja, ambalo wahariri wa vitabu vya shule wamelichukulia kwa wepesi mno. Katika Kimvita, macho ni "mato". Malenga akifunga mshororo mmoja kwa "mato" na unaofuata kwa "moto", kina ni "to". Mhariri "akisanifisha" neno hilo likawa "macho", mizani hubaki sawa ila kina huvunjika, na mwanafunzi huishia kumlaumu malenga kwa kosa ambalo si lake.