Kelele Zilizovuka Mpaka

Januari 2008 nilivuka mpaka wa Busia nikiwa na miaka saba, nimeshika sketi ya mama. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umeharibika, Bonde la Ufa linaungua, na maelfu ya Wakenya wakakimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi wetu tulipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye Kiryandongo. Ninachokumbuka zaidi pale Mulanda ni neno moja la wakubwa: "Nyamazeni." Mtoto akilia usiku, nyamaza. Ukiuliza nyumba yetu ilibaki vipi, nyamaza.

Naanza na hayo kwa sababu ya ugomvi uliotokea kwenye kikundi chetu cha vijana mwezi jana. Vijana wawili walileta spika wakapiga albamu inaitwa Duma. Mama mmoja jirani akaja mbio.

"Mwanangu, hawa watoto wamepagawa?"

"Hapana, Mama. Ni muziki."

"Muziki gani wa kulia hivyo?"

Sasa wazee wengine wanataka spika izuiwe, na mfanyakazi mmoja wa shirika akaniuliza kama hao vijana wapelekwe kwa mshauri. Niliomba kwanza nieleze hizo kelele zilitoka wapi.

Zilianza mbali. Panki ilishika Uingereza katikati ya miaka ya 1970, ikipigwa na vijana ambao wengi hawakusomea muziki wala hawakuona kazi mbele yao. Miaka ya 1980 panki ikazaa krasti, ambayo ni nzito zaidi, na graindikoo, ambayo ni ya kasi sana na sauti ya kunguruma. Bendi ya Napalm Death kutoka Birmingham ilitoa albamu ya Scum mwaka 1987, na wimbo wake mmoja ni wa sekunde moja na kidogo tu. Ukisoma maneno yao, ni hasira juu ya vita, njaa na makampuni makubwa. Hakuna pepo hapo.

Nairobi nayo ikapata watu wake. Crystal Axis, bendi ya panki, wana wimbo kuhusu Mfalme Leopold na damu aliyomwaga Kongo. Wana mwingine kuhusu Nyayo House, jengo ambalo chini yake watu waliteswa wakati wa Moi. Ndugu zetu Wakongo hapa kambini hawahitaji kuelezwa Leopold ni nani.

Duma iliundwa na watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za metali za Nairobi. Jina lao ni neno la Kikuyu, maana yake giza. Mwaka 2019 walirekodi Kampala, kwa watu wa Nyege Nyege Tapes, na albamu ikatoka Agosti 2020. Ngoma zake zinatoka kwenye mashine, gitaa linakwaruza, na Khanja anapiga mayowe juu yake. Wimbo mmoja unaitwa "Uganda with Sam". Ukitoka Nairobi kwenda Kampala kwa basi, unapita Busia au Malaba. Ni barabara ileile tuliyopita sisi tukiwa kimya.

Uganda pia haikuwapokea wenye kelele kwa maua. Septemba 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, akisema linaharibu maadili. Siku chache baadaye serikali ikaliruhusu kwa masharti. Kwa hiyo swali tulilonalo hapa si geni. Hata waziri alijibiwa, na muziki ukaendelea.

Aprili 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwenye lebo yake Haekalu. Ndani yake anamuenzi Muthoni wa Kirima, nyanya mkuu wa ukoo wake, Field Marshal wa Mau Mau aliyekaa msituni mpaka uhuru wa 1963. Alifariki Septemba 2023. Niliposoma hilo nikaelewa kitu. Yule mama alijificha miaka mingi, na msituni ukipiga kelele unakufa. Kizazi chake kinapiga kelele kwa sababu sasa kinaweza.

Wazee wanakaa Jumamosi. Nitakubali spika iwe saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, na sauti ipunguzwe pakiwa na mgonjwa au msiba. Hiyo ni heshima. Lakini kuzuia kabisa, hapana. Na kwa wafanyakazi wa mashirika: kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba kijana ana shida, muulizeni anaimba nini. Mmoja wa wale wawili ameshaandika wimbo wake. Unahusu njia ya Malaba. Hajawahi kuniambia habari hiyo kwa kuongea.