Waya wa spika, kutoka sinema ya Adams hadi matatu

Juzi nilipitia Adams Arcade kutafuta waya wa spika. Muuzaji akanitolea mmoja mnene kama kidole, bei yake inakaribia ya amplifaya, akaapa kwamba bila huo sitasikia besi. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini hesabu hii naiweza.

Tuanzie papo hapo Adams, ambapo zamani palikuwa na sinema ya Metropole. Katika sinema za miaka ile, amplifaya ilikaa kwenye chumba cha projekta na spika kuu nyuma ya pazia, mbele kabisa. Tuseme mita 30. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za shaba, na kwa unene wa milimita mraba 1.5 ukinzani wake ni kama omu 0.7. Spika za omu 16 zilikuwa kawaida enzi za amplifaya za vali, kwa hiyo waya ulikula asilimia 4 tu ya nguvu. Weka spika ya omu 4 na waya uleule unakula asilimia 15!

Transista zilipoenea miaka ya 1960 na 1970, spika za omu 8 na 4 zikatawala na mzigo ukahamia kwenye waya. Mwaka 1979 kampuni ya Monster Cable ikaanzishwa Marekani, na waya mnene ukawa bidhaa ya fahari.

Misikiti na makanisa yalikwepa tatizo kwa mfumo wa volti 100: volti zikipanda mkondo hupungua, na waya mwembamba unafika mbali. Gharama yake ni transfoma ndogo kwenye kila spika, ambayo huua besi. Kwa adhana au mahubiri, nani atalalamika?

Matatu ni kinyume chake. Betri ya volti 12, bila kifaa cha kupandisha volti, huipa spika ya omu 4 wati 20 hivi. Mafundi hushusha omu, mkondo unapanda, lakini waya ni mfupi.

Haya, turudi dukani. Nilikwangua ncha ya ule waya kwa kisu: ndani nyeupe, aluminiamu iliyopakwa shaba! Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu wa shaba tupu. Nikachukua waya wa kawaida wa shaba, milimita 2.5. Kwa mita 5 za sebule yangu na spika za omu 8, unakula chini ya asilimia 1.