Tanzania: Mgombea binafsi bado hana nafasi, hata kijijini

Mtanzania anayetaka kuwa mwenyekiti wa kijiji, mtaa au kitongoji sharti awe mwanachama wa chama cha siasa, na chama hicho kikubali kumdhamini. Heshima aliyojijengea kwa majirani zake haitoshi. Sharti hilo lilianza kupingwa mahakamani mwaka 1993, na limeshindwa huko zaidi ya mara moja, lakini lingalipo.

Aliyefungua kesi alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake kilikuwa kimenyimwa usajili. Tarehe 24 Oktoba 1994, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitamka kuwa ni halali kwa mgombea binafsi kuwania urais, ubunge na hata udiwani. Serikali haikungoja uamuzi wa rufaa. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha marekebisho ya Katiba yaliyoizima hukumu hiyo.

Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010, majaji saba wa Mahakama ya Rufani walitengua ushindi huo, wakisema mahakama haina uwezo wa kubatilisha kifungu cha Katiba, na kwamba suala hilo ni la Bunge.

Ndipo shauri likafika Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Serikali ilijitetea kwa hoja za utawala bora na umoja wa taifa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama iliamua kuwa Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake, pamoja na uhuru wa kujiunga au kutojiunga na chama. Mtikila alifariki dunia mwaka 2015 katika ajali ya gari, hukumu ikiwa bado haijatekelezwa.

Pengine ni vijijini ambako katazo hili huuma zaidi. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999, na wapiga kura huko humjua mtu kabla ya kukijua chama chake. Katika uchaguzi wa Novemba 2019, vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao; CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Aliyetaka kugombea nje ya vyama hakuwa na mlango wa kupitia. Kanuni za uchaguzi wa Novemba 2024 zilidumisha sharti lilelile, ijapokuwa vifungu vya Katiba vinavyodai udhamini wa chama vinamhusu Rais na mbunge, na sharti la diwani na mwenyekiti wa kijiji limo katika sheria na kanuni za kawaida, ambazo zaweza kubadilishwa bila kuigusa Katiba.

Novemba hiyohiyo ya 2019, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kuishtaki moja kwa moja mjini Arusha. Hatua hiyo ilianza kutumika mwaka mmoja baadaye.